Tulirusha Setilaiti, Sawa. Lakini Msee wa Isiolo Amepata Nini?

Siku moja ukiwa Isiolo, jaribu hivi. Kama saa moja na nusu usiku, toka Bula Pesa, tembea mpaka taa za mji ziishe, halafu cheki juu. Kaa hapo dakika kumi. Kuna uwezekano mkubwa utaona kinukta cheupe kikikata anga, bila sauti, bila kupepesa kama taa za ndege. Kama uko na mbogi, hakosi mmoja wa kusema, "Hiyo ndiyo setilaiti yetu, ile ya serikali."

Hizo ni stori za jaba. Yetu huwezi kuiona kwa macho. Taifa-1, ile tuliyorusha 2023, ilikuwa na ukubwa wa mkate wa gramu 800. Sasa weka mkate angani, kilomita kama 500 kutoka hapo umesimama, halafu uniambie kama utauona.

Swali langu leo ni lingine. Yeye anakuona? Na kama anakuona, anamwambia nani?

Kaa na hilo swali, kwa sababu huku kaskazini si swali la kupitisha muda. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, mvua ilikataa misimu mitano mfululizo. Kenya nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wewe wa Kanairo uliona picha za mizoga kwa simu, ukaweka emoji ya kulia, ukasonga. Msee wa Merti au Garbatulla aliona karo ya mtoto wake ikilala chini na haiamki. Ng'ombe huku ndiye benki, ndiye bima, ndiye mahari. Akidedi, amededi na kila kitu.

Skauti wa zamani

Kabla hatujaongea roketi, elewa kitu kimoja. Watu wa Isiolo walikuwa na "setilaiti" zao miaka mingi kabla ya sisi wote kuzaliwa.

Kiangazi kikikaribia, boma haliamki tu na kuhama ovyo. Vijana wachache wenye miguu mizuri wanatumwa mbele. Wanaenda siku kadhaa, wanacheki nyasi iko wapi, maji yako wapi, kuna ugonjwa gani, kuna adui gani njiani. Halafu wanarudi. Wanaketi na wazee, wanahojiwa vizuri, na hapo ndipo uamuzi unafanywa. Waborana wanaita hiyo kazi abuuru. Wasomali wanaiita sahan. Na Waborana wako na dedha, yaani mfumo wa wazee wanaoamua nyasi ipi ni ya masika, ipi ifungwe mpaka kiangazi, na kisima kipi kinyweshe nani siku gani.

Sasa nisikilize hapa. Skauti hatumwi aende kutembea. Anatumwa arudi na habari. Akienda mbali kuliko wote, aone mabonde ya kijani kuliko wote, halafu asirudi, hajasaidia mbuzi hata mmoja.

Hicho ndicho kipimo nitakachotumia kwa setilaiti zetu zote. Sitauliza ilipanda juu kiasi gani, wala nani alipiga makofi Nairobi. Nitauliza kama ripoti ilirudi bomani.

Uhuru ilitoka kwetu, ripoti ikaenda kwao

Wasee wengi wanadhani Kenya ilianza mambo ya anga juzi. Wapi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Waitaliano ndio walikuwa na jukwaa, Wamarekani wa NASA ndio walikuwa na setilaiti. Na kwa sababu ya ile tarehe, waliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Hiyo haikuwa setilaiti ya mchezo. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta miale ya eksirei kutoka kwa nyota. Ilifanya kazi mpaka 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo, na ikasaidia wanasayansi kuamini kwamba mashimo meusi yako kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel mwaka wa 2002.

Sisi tulipata nini? Bahari ilikuwa yetu, ikweta ilikuwa yetu, jina lilikuwa letu. Ikweta si kitu kidogo, kwa sababu ukirusha roketi kuelekea mashariki ukiwa hapo, dunia yenyewe inakupatia msukumo wa bure. Ndiyo maana walikuja. Lakini skauti alitoka kwa mlango wetu, akaenda kuripoti kwa boma la jirani.

Kisanduku cha sentimita 10

Songa mbele mpaka 2018. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza kuchaguliwa kwa KiboCUBE, mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, JAXA, ambao unasaidia nchi zisizo na roketi kufika juu bila kulipia safari. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, wakatengeneza 1KUNS-PF. Kisanduku cha sentimita 10 kila upande, uzito wake haupiti sana pakiti ya unga ya kilo moja.

Mwezi wa Aprili 2018 kikapelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga kama mzigo. Tarehe 11 Mei 2018 kikaachiliwa kutoka chumba cha Wajapani kinachoitwa Kibo. Hapo ndipo Kenya ikawa na setilaiti yake ya kwanza kwenye obiti.

Kiliishi kama miaka miwili. Mwaka wa 2020 kikarudi kwenye hewa, kikaungua, kikaisha.

Najua unachotaka kusema. "Miaka miwili tu? Hiyo si ni simu ya mchina?" Ngoja kwanza.

Kule juu, kilomita 400, si tupu kabisa. Kuna hewa nyembamba sana, imebaki kidogo kidogo. Setilaiti inakimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kwa spidi hiyo, ingepita kutoka Isiolo hadi Nairobi chini ya nusu dakika, wakati wewe kwa matatu uko njiani nusu siku ukila mahindi ya kuchoma. Hiyo hewa kidogo inaikwaruza kila sekunde, mchana na usiku. Inapoteza spidi, inashuka. Ikishuka inakutana na hewa nzito zaidi, inashuka tena haraka zaidi. Siku moja inaingia, inawaka kama kimondo, na kwa vile ni ndogo hakuna kipande kinachofika chini.

Na jua nalo lina mkono wake. Kila miaka kama 11 jua linachafuka, hewa ya juu inavimba, na visanduku vidogo vinashuka mapema. Kisanduku kisicho na injini ya kujisukuma hakina la kufanya.

Kwa hivyo kufa kwake hakukuwa aibu, ilikuwa kwenye mpango. Tena ni adabu nzuri. Kumbuka 30 Desemba 2024, watu wa kijiji cha Mukuku huko Makueni walivyoona duara la chuma la mita 2.5, kilo kama 500, likitua kutoka angani. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia, shukuru Mungu. Kisanduku kidogo kinachoungua chote hakikuletei ngori kama hiyo shambani.

Setilaiti ya majaribio ni kama lile gari la driving school. Hakuna mtu hulinunua ili lifike Moyale. Linanunuliwa ili dereva atoke akijua. Gari likichoka, unauliza dereva yuko wapi.

Taifa-1 na milioni 50

Sasa Taifa-1. Unakumbuka ile wiki ya Aprili 2023, tukiambiwa leo, halafu hapana kesho, halafu upepo umekataa? Mwishowe Jumamosi tarehe 15, saa 3:48 asubuhi saa zetu, roketi ya Falcon 9 ya SpaceX iliruka kutoka Vandenberg, California, ikiwa na mizigo ya nchi na makampuni mengi. Yetu ilikuwa mle ndani kama abiria wa matatu.

Ilichukua kama miaka miwili kutengenezwa na kikosi cha mainjinia 9 Wakenya. Kampuni ya SayariLabs ilishirikiana na EnduroSat ya Bulgaria. Bei ilitajwa kuwa shilingi milioni 50, doo ya nyumba moja tu huko Karen. Kazi yake: kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo, chakula, misitu na majanga.

Hapo ndipo Isiolo inaingia. Na hapo ndipo lazima tuongee ukweli.

Jani linaongea, ukijua kusikiliza

Setilaiti haihesabu ng'ombe wako. Kwa picha za aina hii, pikseli moja inafunika eneo kubwa kuliko boma la mtu. Inachosoma ni rangi ya ardhi, pamoja na rangi moja ambayo jicho lako halioni.

Jani lenye afya linakula mwanga mwekundu ili litengeneze chakula. Ule mwanga mwingine ulio jirani ya mwekundu, usioonekana, jani linaurudisha juu. Jani likikauka, linaacha kula mwekundu, na lile tofauti linapungua. Kwa hivyo ukipima hizo rangi mbili kutoka juu, unajua nyasi za Sericho ziko hai kiasi gani bila kukanyaga Sericho. Linganisha na miezi kama hiyo ya miaka iliyopita, utajua kama huu ni ukavu wa kawaida ama noma inakuja.

Hii si ndoto, inafanyika. Mamlaka ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 za maeneo kame, na Isiolo imo. Kipimo cha hali ya mimea kutoka setilaiti ni moja ya vitu wanavyotumia kusema kama kaunti iko kawaida, imepewa tahadhari, ama imefika dharura.

Na kuna bima. ILRI, ile taasisi ya utafiti wa mifugo iliyo Nairobi, ilianza na wenzake bima ya mifugo Marsabit mwaka wa 2010, halafu ikafika Isiolo na Wajir. Mwaka wa 2015 serikali ikaanzisha mpango wake, ikiwalipia wafugaji walioteuliwa bima ya mifugo yenye thamani ya ng'ombe 5. Utamu wake ni huu: hakuna ajenti anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti ikisoma kwamba malisho ya eneo lenu yameshuka chini ya kiwango, mnalipwa wote wa eneo hilo. Na unalipwa mapema, ununue nyasi na maji ng'ombe akiwa bado anasimama.

Fiti sana. Lakini hizo setilaiti ni za nani? Si za Kenya. Ni za Marekani na Ulaya. Mfugaji wa Isiolo amekuwa akilipwa ama kunyimwa malipo kwa macho ya watu wa mbali, kabla Taifa-1 haijaota.

Basi tulihitaji yetu ya nini?

Swali zuri, na usiogope kuliuliza. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 zinapiga ardhi yote kila baada ya siku chache, pikseli ya mita 10, na picha ni bure. Kamkate ketu hakawezi kushindana na hiyo. Atakayekuambia Taifa-1 ilikuja kumaliza njaa, anakuchezea.

Sababu ya kuwa na yako ni kujua jicho linakosea wapi.

Chukua mathenge, ule mti wa miiba uliosambaa kaskazini. Ukame ukija nyasi zinakufa, mathenge unabaki kijani kibichi. Setilaiti inapita juu, inaona kijani, inaandika: malisho yapo. Chini, ng'ombe wanakufa wakiangalia hicho kijani. Ama chukua mawingu. Kamera za aina hii hazipenyi wingu, na wingu si mvua, kila mtoto wa Isiolo anajua. Ama chukua mfugaji ambaye mifugo yake imeshavuka kwenda kaunti nyingine, lakini bima inasoma nyasi za nyumbani kwake.

Haya makosa hayarekebishwi na mtu aliye Ulaya. Yanarekebishwa na injinia anayejua mashine, akiketi na mzee wa dedha anayejua kila bonde kwa jina. Ukiwa na watu wako waliowahi kutengeneza kamera, kuipima, kuituma na kuiona ikishindwa, unaweza kuuliza maswali ya watu wazima: hii fomula iliandikwa kwa nyasi za wapi? Kwa nini eneo letu limechorwa hivi? Nani aliamua hicho kiwango? Bila hao watu, unapokea jibu na kusema asante.

Kwa hivyo kwangu mimi, milioni 50 ni bei ya shule. Na shule si ghali kama wanafunzi wanaendelea. Inakuwa hasara siku wale mainjinia wakikaa bure, wakachoka, wakaenda kutengenezea wengine.

Ripoti irudi bomani

Sasa tuje kwa kile kinachoniuma zaidi. Chukulia taarifa ya mwezi imetoka, na ni ya kweli: malisho ya Isiolo yanashuka. Imeandikwa kwa Kizungu, imejaa grafu, iko kwa intaneti. Yule anayehitaji hiyo habari yuko nyuma ya mbuzi, mahali simu inashika mtandao ukipanda juu ya jiwe. Habari imetoka angani kilomita mamia, imefika Nairobi, na ile hatua ya mwisho ndiyo imeshindwa.

Na wiki chache ni pesa. Ukijua mapema, unauza mbuzi wawili wakiwa na mafuta, soko la mifugo la Isiolo likiwa bado na bei. Ukichelewa, kila mtu anauza siku moja, mnyama amekonda, na broka ndiye anaongea. Wale akina mama wanaoweka maziwa ya ngamia kwa basi yaende Eastleigh nao wangejua mapema kama mwezi ujao kuna maziwa ama kuna vumbi.

Kwa hivyo mkiambiwa tena setilaiti nyingine inaruka, na itaruka, usikimbilie tu kuposti bendera. Uliza vitu vinne. Picha zinawekwa wapi, na mwananchi anaweza kuzifungua? Kaunti yangu imeajiri nani wa kuzisoma? Habari itasomwa kwa redio za mtaa kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kiswahili, ama itabaki PDF? Na baada ya hii, ya pili inakuja lini?

Na wewe uliye na laptop hapo Kambi Garba ama Kulamawe, ukingoja kazi isiyokuja, sikia hii. Picha za Sentinel-2 ni bure leo. Fungua akaunti, tafuta Merti, utaona Ewaso Ng'iro ilivyo siku chache tu zilizopita. Weka ya mwaka jana kando yake. Halafu mpelekee mzee mmoja anayejua hayo mabonde, muulize, "Hapa panaonekana kijani, ni nyasi ama ni mathenge?" Jibu lake haliko kwa kompyuta yoyote duniani. Yeye ana macho ya chini, wewe una macho ya juu. Kaunti hii haijawahi kukosa skauti.

1KUNS-PF ilienda, ikaona, ikaungua, na hiyo ni sawa. Kila skauti huchoka siku moja. Lakini mzee wa Isiolo akikuona unarudi kutoka safari ya mbali, hakuulizi ulitembea kilomita ngapi. Atakupa chai kwanza, halafu atauliza: nyasi iko wapi?

Uwe na jibu.